Nani Atembee Nyuma?

Mvua zinapokatika, nyasi zingali mbichi na njia zimekwisha kukauka, familia nyingi za makanisa yetu ya Igunga hupenda kutoka nje ya mji kwa matembezi. Wengine hutosheka na kivuli cha mkwaju ulio karibu. Wengine huchagua Jumapili au siku ya sikukuu, wakakodi gari, wakaivuka mbuga ya Wembere hadi ng'ambo ya Shelui, kisha wakaupanda kwa miguu mteremko wa Sekenke. Madereva wa malori wanaujua mlima huo kwa kona zake. Wazee wanaujua kwa dhahabu yake: sarafu za dhahabu ambazo Wajerumani walizitengeneza Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, zilitokana na machimbo ya Sekenke.

Si mlima wa kutisha. Hauhitaji kamba wala viatu maalumu. Unapanda taratibu kwa njia za ng'ombe na mbuzi, katikati ya malisho, na ukifika juu unageuka na kuiona Wembere yote imelala chini yako, tambarare mpaka macho yanapokoma. Mtu mzima mwenye afya hupanda huku akizungumza. Mtoto wa miaka mitano hupanda pia, ila kwa saa yake mwenyewe. Bibi wa miaka sabini hupanda, ila kwa pumzi zake. Na hapa ndipo linapoanzia swali tunalotaka kulifikiri pamoja juma hili.

Kila aliyewahi kwenda matembezi ya namna hii analijua jambo lifuatalo. Kundi huanza pamoja kwa wimbo na sala. Baada ya nusu saa limekwisha kuwa makundi matatu. Mbele wako vijana, na akina baba wanaozungumza habari za ujenzi wa kanisa. Katikati wako wasichana na wavulana wanaookota mawe. Nyuma kabisa yuko mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono, na kichwani amebeba beseni la chakula ambacho wote watakila. Wale wa mbele wakifika penye kivuli huketi, hunywa maji, hucheka, huwasubiri wenzao. Wanajiona wametenda wema kwa kusubiri. Hatimaye yule mama anafika. Anatua beseni. Kabla hajaketi, mmoja wa wale waliokuwa mbele anasimama, anajipangusa suruali na kusema, "Haya, sasa tumetimia. Twendeni."

Hebu tulihesabu pumziko lililotolewa hapo. Aliyelihitaji kidogo amepata dakika ishirini. Aliyelihitaji sana hakupata hata moja. Hakuna aliyekusudia ubaya, wala hakuna aliyemkaripia mtu. Ukimwuliza kijana yule atakujibu kwa moyo safi kwamba walimsubiri, na ni kweli walimsubiri. Lakini pumziko lote la safari limegawiwa kinyume cha mahitaji, nalo limegawiwa hivyo na watu wema, watu wa sala.

Tunapaswa kuuliza basi: Je, mwenye nguvu anapopunguza mwendo kwa ajili ya mdhaifu, anatoa hisani au analipa deni? Tofauti si ndogo. Hisani ni mali ya mtoaji. Akiitoa tunamshukuru, asipoitoa hatuna la kumdai. Deni ni mali ya mdai, na asiyelilipa amechukua kisicho chake. Wengi wetu, tukijichunguza, tutaona kwamba tumekuwa tukiliweka jambo hili katika mfuko wa hisani. Mwenda pole tunamsifu kwa methali, njiani tunamwacha.

Wako watakaotaka kwanza kujua kama ni halali hata kupanda kilima siku ya Sabato, kwa wale ambao kilima chao kiko karibu na nyumbani. Sitakaa sana hapo. Luka anatuambia katika Matendo 1:12 kwamba Mlima wa Mizeituni ulikuwa karibu na Yerusalemu kiasi cha mwendo wa Sabato, kipimo ambacho walimu wa Wayahudi walikihesabu kuwa dhiraa 2,000, kama kilomita moja. Kipimo kile hakikutoka katika amri. Naye Ellen White aliwashauri wazazi watenge sehemu ya Sabato kuwa nje pamoja na watoto wao, wawaonyeshe Mungu katika kazi zake. Tatizo la matembezi yetu haliko kwenye urefu wa njia.

Liko kwenye kitu kingine, na amri yenyewe inakigusa. Tazama jinsi amri ya nne inavyowataja watu. Haiishii kwa baba mwenye nyumba. Inamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama, na mgeni aliye malangoni. Katika Kutoka 23:12 jambo hili linasemwa kwa namna ya kushangaza zaidi: sababu inayotajwa ya kuacha kazi siku ya saba ni ili ng'ombe na punda wapumzike, na mwana wa mjakazi na mgeni wapate kuburudika. Mwenye shamba mwenyewe hata hatajwi kati ya watakaoburudika. Pumziko la Sabato linaanzia chini. Linaanzia kwa yule ambaye hana uwezo wa kusema, "Leo tusimame." Bwana alijua kwamba mwenye uwezo wa kusimamisha kazi atapumzika tu, siku yoyote, akijisikia kuchoka. Aliyehitaji amri ni yule ambaye mwendo wake hupangwa na mtu mwingine.

Ukiisoma amri hivyo, yale tuliyoyaona kivulini pale mlimani si suala la adabu tu. Ni suala la Sabato, hata kama siku yenyewe ni Jumapili.

Sasa tumwendee Yakobo. Katika Mwanzo 33 amekutana na Esau baada ya miaka mingi, wamekumbatiana, wamelia. Esau anasema waondoke pamoja, yeye atatangulia. Yakobo anamjibu kwamba bwana wake anajua jinsi watoto walivyo wachanga, tena kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha wako chini ya uangalizi wake, nao wakiendeshwa kwa nguvu siku moja tu, kundi lote litakufa. Anamwomba Esau atangulie, naye atafuata polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama walio mbele yake na mwendo wa watoto. Mfugaji yeyote wa Igunga akisikia maneno hayo anatikisa kichwa kukubali. Siku moja tu. Hayo si maneno ya mtu aliyesoma habari za mifugo kitabuni.

Wapo wafafanuzi wasiomwamini Yakobo hapa, nao wana sababu. Alisema atamfuata Esau mpaka Seiri, lakini hatusomi kwamba alikwenda Seiri. Alikwenda Sukothi. Huenda watoto walikuwa kisingizio cha mtu aliyekuwa bado anamwogopa kaka yake na watu wake mia nne. Nasi tunaijua hila hiyo. Ni wangapi wameacha kuhudhuria kikao cha kanisa kwa kusema mtoto ana homa? Mdhaifu anaweza kutumiwa kama ngao na mtu anayetaka tu kukwepa njia. Mimi naona mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: Yakobo aliogopa, na watoto walikuwa wachanga kweli. Tazama alichofanya alipofika Sukothi, mstari wa 17. Alijenga nyumba yake, na wanyama wake akawatengenezea vibanda, hata mahali pale pakaitwa kwa jina la vibanda hivyo. Kama kilikuwa kisingizio, basi ni kisingizio alichokiheshimu.

Jambo jingine katika habari hii hupita bila kuonwa. Yakobo hakumlazimisha Esau kukawia. Alimwachia aende. Esau alikuwa na watu wake mia nne, wanaume wenye miguu yao, na hakuwa baba wa wale watoto. Deni la mwendo halimfungi kila mtu kwa kiasi kile kile. Linamfunga kwanza yule ambaye watoto ni wake na kundi ni lake. Baba anayemwacha mkewe nyuma na watoto, akaenda mbele kuzungumza na wenziwe habari za ujenzi wa kanisa, amechukua mwendo wa Esau akiwa na nyumba ya Yakobo.

Pande hizi zetu hatuhitaji kwenda mpaka Kanaani kujifunza jambo hili. Hata kabla ya kufika mlimani, njia mara nyingi hupita kando ya malisho yaliyofungwa, ambayo Wasukuma na Wanyamwezi huyaita ngitili. Mgeni huona nyasi ndefu zisizoliwa akadhani mwenyewe ni mzembe au hana ng'ombe. Sivyo. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, na hufunguliwa kiangazi malisho mengine yakiisha. Na wazee waliiweka kwa ajili ya nani? Zaidi ya yote, kwa ajili ya ndama, wanyama wagonjwa na wazee ambao hawawezi kulifuata kundi mbali, pamoja na maksai wa kulimia. Ng'ombe wenye nguvu walipelekwa mbali. Majani ya karibu na nyumbani yaliachwa kwa wale wasioweza kutembea. Hakuna aliyeita jambo hilo sadaka. Lilikuwa ni utaratibu wa ufugaji, na aliyeingiza fahali wake katika ngitili ya mtu alitozwa faini.

Utaratibu huo ulivunjika katika maeneo mengi wakati wa vijiji vya miaka ya 1974 na 1975, watu walipohamishwa kutoka kwenye miji yao ya kale na kuacha ngitili zao nyuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulipoanza mwaka 1986, sehemu kubwa ya jirani zetu ilikuwa imebaki vumbi. Wataalamu walijifunza kwamba dawa ilikuwa mikononi mwa wazee: kufunga tena, kusubiri, kuacha majani kwa ajili ya wale wasiofika mbali. Nchi ikarudi kuota miti. Basi ndugu mwalimu, ukiwapitisha watoto kando ya ngitili siku ya matembezi, omba ruhusa ya mwenyewe, rudishia miiba ya mlangoni, usiruhusu mtu awashe moto, na uwaambie watoto ile ni nyasi ya nani.

Nchi hii inalijua swali letu kwa uchungu pia. Kusini mwa Igunga ilipita njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipoifuata mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne kufika Kazeh, ndiyo Tabora, wakaingia tarehe 7 Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba sehemu kubwa ya biashara ya njia ile mabegani, mzigo wa kilo 30 hivi kwa mtu, na mara nyingi wake zao na watoto walifuatana nao. Mbele alikwenda kiongozi. Mwendo ulipangwa na maji, na chakula, na bei ya pembe za ndovu pwani. Aliyeugua ndui katikati ya nyika hakuwa na lolote kati ya hayo matatu la kumtetea.

Na katika misafara ya watumwa mambo yalikuwa mabaya kupita maneno. Mwaka 1866 David Livingstone, akisafiri bara kutoka upande wa mto Ruvuma, alipita karibu na mwanamke aliyefungwa mtini kwa shingo, amekwisha kufa. Wenyeji walimweleza kwamba mwanamke yule alishindwa kwenda sawa na wenzake. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Hakuiba, hakutoroka. Alichelewa.

Sisemi kwamba kijana anayetangulia Sekenke ni ndugu wa yule mfanyabiashara. Nasema kwamba mahali popote ambapo mwendo umepangwa na mwenye nguvu peke yake, anayebaki nyuma huanza kuonekana kuwa ndiye mwenye kosa. Tunasikia hata kwa watoto wetu: "Huyu anatuchelewesha." Mtoto wa miaka mitano hakumchelewesha mtu. Alitembea kwa miguu aliyopewa.

Lakini njia hiyo hiyo ya misafara iliona jambo jingine. Livingstone yule yule, miaka saba baadaye, alikuwa ndiye mdhaifu. Mwezi Aprili mwaka 1873 hakuweza tena kutembea wala kupanda punda, na watu wake, Susi na Chuma na wenzao, walimbeba kwa machela katika mabwawa mpaka kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, akafa hapo. Kisha waliukausha mwili wake, wakauchukua kuelekea pwani. Mwezi Oktoba walifika Tabora, na Mwingereza Cameron aliyekuwapo hapo akawashauri wauzike mwili ule, maana njia iliyobaki ilikuwa mbaya. Walikataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa. Watu wengi huwasifu kwa kuubeba mwili. Mimi huwaza zaidi juu ya yale majuma ya Aprili, alipokuwa bado hai, wakitua machela kila alipoomba, wakikaa, wakisubiri, wakiinua tena. Safari ile haikuwa na kilele cha kufikia.

Sasa fungua 1 Samweli 30, sura ambayo naiona kuwa darasa kamili la mwendo. Daudi na watu wake mia sita wanarudi Siklagi, wanakuta mji umeteketezwa na Waamaleki, wake na watoto wamechukuliwa. Wanalia hata nguvu zinawaishia, kisha wanafuatia. Kama kuna wakati mtu alikuwa na haki ya kwenda mbio, ni huo. Kwenye kijito cha Besori watu mia mbili wanashindwa kuendelea kwa kuchoka, wanabaki. Wengine mia nne wanasonga mbele, na kondeni wanamkuta Mmisri ambaye hajala wala kunywa siku tatu. Wanampa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vishada vya zabibu kavu. Angalia mpangilio: wanamlisha kwanza, ndipo Daudi anamwuliza yeye ni nani. Na jibu lake ni la kutetemesha. Ni mtumwa wa Mwamaleki. Bwana wake alimwacha kwa sababu siku tatu zilizopita aliugua.

Musa alikuwa amewaonya Israeli juu ya Amaleki mapema, katika Kumbukumbu la Torati 25:17, 18. Kosa la Amaleki halikuwa tu kwamba alipigana nao. Aliwapiga wale wa nyuma, waliodhoofika, wakati taifa limechoka, wala hakumcha Mungu. Amaleki alimjua mtu wa nyuma kuwa ndiye rahisi kupigwa. Na karne kadhaa baadaye Mwamaleki mwingine anamjua mtumwa wake mgonjwa kuwa ndiye rahisi kuachwa. Ni jicho lile lile.

Mmisri yule ndiye aliyewaongoza mpaka kwenye kambi ya adui. Tusiharakishe kusema, "Mnaona, wema unalipa." Daudi hakujua kwamba utalipa. Tukimsubiri mdhaifu kwa sababu huenda akatufaa, bado tunapanga mwendo kwa faida yetu. Mtu yule alilishwa akiwa mzigo mtupu, mgeni, mtumishi wa adui, katika siku ambayo kila dakika ilikuwa na thamani ya mtoto wa mtu.

Halafu kuna wale mia mbili. Vijana wa kanisa hulipenda fungu hili, maana linawapa hoja yao, na hoja yao ni ya haki. Wanasema: "Kama wote tungekaa Besori, nani angewarudisha watoto? Nguvu pia ni karama. Mkitufunga kwenye mwendo wa bibi, mlima hatutauona." Ni kweli, Daudi hakuwazuia mia nne. Waliokuwa na nguvu walikwenda. Lakini waliporudi na nyara, baadhi ya mia nne, ambao Maandiko yanawaita waovu, walitaka wale wa Besori wasipewe kitu isipokuwa wake zao na watoto wao. Daudi aliwakatalia kwa hoja moja: vitu hivyo ni alivyotupa Bwana. Kwa hiyo fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo yatakuwa sawa, na tangu siku ile akaifanya kuwa amri katika Israeli. Si shukrani, wala zawadi ya jioni moja. Amri.

Hapo ndipo naona jibu la swali letu la hisani au deni. Kama miguu yangu ni mali yangu niliyoitengeneza mwenyewe, basi nikipunguza mwendo natoa changu, na unishukuru. Kama miguu yangu ni kitu alichonipa Bwana, kama nyara za Siklagi, basi yule asiyepewa ana fungu ndani yake. Kijana aende juu, lakini aende na fungu la aliyebaki, na arudi nalo. Kivuli akikifikia kwanza, kwanza afanye nini? Pengine amtwae yule mtoto mgongoni mwa mama. Pengine ashuke tena hatua mia akalichukue lile beseni. Na mama akifika, saa ya pumziko ianze kuhesabiwa tangu hapo.

Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hata leo kukadiria safari: saa moja kwa kila maili tatu, ambazo ni kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600. Kanuni nzuri ya kupangia, ila aliihesabu kwa mwanamume mwenye afya. Kamati zetu za matembezi hufanya hivyo hivyo hata bila kumjua Naismith: huchukua mwendo wa mwenyekiti. Wengine hujitahidi kupata wastani wa kundi. Lakini hakuna mtoto anayeitwa Wastani. Panga kwa mwendo wa yule wa mwisho, umjue kwa jina kabla ya kutoka nyumbani.

Na huyo wa mwisho afuatwe na nani? Katika Hesabu 10:25 kambi ya wana wa Dani iliwekwa kuwa ya nyuma ya kambi zote. Haikuwa kwamba Dani walichelewa. Waliwekwa. Katika hesabu ya sura ya pili walikuwa kabila la pili kwa wingi wa watu wa vita, 62,700, wakizidiwa na Yuda peke yake. Yuda mbele, Dani nyuma, na makabila mengine katikati. Nasi nyuma tunamweka nani? Mara nyingi hatumweki mtu yeyote. Anayekuwa nyuma ni yule aliyeshindwa kuwa mbele.

Lugha yetu ina neno moja, mchungaji, kwa anayechunga ng'ombe na kwa anayehubiri. Tunapenda kukumbuka kwamba katika Yohana 10 mchungaji mwema huwatangulia kondoo wake, na ndivyo walivyofanya Mashariki. Lakini wachunga ng'ombe wa huku kwetu hutembea nyuma. Utakutana naye kwenye mteremko, mara nyingi ni mtoto mdogo mwenye fimbo iliyomzidi urefu, na kundi liko mbele yake. Ukimwuliza kwa nini hakai mbele atakushangaa. Ndama mwenye kuchechemea yuko nyuma. Isaya 52:12 inampa Bwana nafasi zote mbili kwa pamoja: atawatangulia watu wake, na tena atakuwa nyuma yao kama mlinzi.

Niongeze neno moja kwa walimu wa madarasa. Kila Sabato huwa tunauliza ni nani waliojifunza lesoni siku zote saba, mikono inainuka, tunaandika kwenye kadi, kisha mazungumzo yanakuwa ya wale walioinua mikono. Mama ambaye hakusoma kwa sababu taa ilikwisha mafuta anakaa kimya dakika arobaini. Tukifika sehemu ngumu tunasimama kidogo kueleza, na mara tu anapoanza kuelewa, tunasema muda umekwisha, twende fungu linalofuata.

Kwa mjadala wa juma hili nimechagua jambo ambalo mimi mwenyewe nimelisikia likibishaniwa na watu wema wa pande zote mbili. Familia inapanda Sekenke. Katikati ya njia bibi anasimama, anaegemea fimbo yake, anasema: "Niacheni hapa chini ya mti huu. Ninyi nendeni mkaone, mje mnisimulie." Mwanawe mkubwa anasema abebwe, hata kwa kiti. Mkwewe anasema wote waishie hapo, pikiniki ifanyike chini ya mti, mlima hautahama. Mjukuu wa miaka kumi na miwili, ambaye ameusubiri mlima huu tangu Januari, ananyamaza. Mzee wa kanisa anasema bibi ni mtu mzima, ameamua kwa hiari yake, na kumlazimisha ni kumvunjia heshima.

Je, bibi anasema anachotaka, au anasema anachodhani tunataka kusikia? Mtalijuaje hilo, na ni nani mwenye haki ya kumwuliza? Wale mia mbili wa Besori walikaa na vyombo. Bibi akae na nini, na nani akae naye bila kuambiwa kwamba amenyimwa mlima? Kabla darasa halijaanza kujibu, mwalimu atafute kama yupo ndani ya chumba mtu ambaye amewahi kuketi chini ya mti ule, na huyo aseme wa kwanza.